Bilauri ya Mjomba

Mjomba Nursyamsu hakuwa na ubao wala chaki.
Alikuwa na kibanda cha kuziba pancha
kando ya barabara ya Payakumbuh,
beseni la maji meusi ya kutafutia tundu la mpira,
na bilauri moja safi ambayo hakuna aliyeinywea.

"Kata bua la mpapai," aliniambia.
Nilikuwa na miaka tisa, nimetoka kupewa sifuri ya hesabu,
na kwetu mpwa ni deni la mjomba.
"Lichovye humu, upulize. Mapovu yasikatike."
Yakakatika.
"Anza."

Siku ile nilianza mara ngapi, sijui;
hesabu ndiyo iliyonishinda, nimeshasema.
Najua matairi mawili yalizibwa,
lori la kabichi likapita,
jua likahamia ukuta wa pili,
wala hakuniambia nimekosea.
Alisema "anza" kama mtu anayempitishia mwenzake chumvi.

Hewa ya kutoka, iweke akiba mashavuni.
Ya kuingia ipite puani
kama mwanafunzi aliyechelewa kuingia surau,
viatu mkononi, asimkatize anayesoma.
Hayo sikuambiwa. Niliyaona shingoni mwake.

Saluang yangu hakuinunua.
Ulikuwa mwanzi wa kuanikia nguo nyuma ya nyumba ya bibi,
umebeba mashuka na mitandio ya mama zangu miaka sita.
"Huu umeshazoea upepo," alisema,
akautoboa matundu manne kwa chuma cha moto.
Nguo zikalala majanini kutwa nzima.
Bibi alinuna hadi Ijumaa.

Jioni wanawake watatu walishika talempong,
vigongo viwili viwili mkononi,
na hakuna hata mmoja aliyekuwa na wimbo mzima.
Huyu ana kokwa, yule ana nyama ya tunda,
wa tatu ana ganda;
tunda lenyewe lilikuwa hewani katikati yao.
Mama mdogo Rosmaini alipougua homa
wimbo ukabaki na pengo kama la jino.
Dada yangu Yelfi, wa miaka saba,
alipewa vile vigongo bila kuulizwa kama anajua.
Alijua.
Kumbe alikuwa akilijaza pengo hilo siku zote,
kwa vidole, juu ya goti, chini ya meza ya shule.

Mwaka juzi nilimpeleka mjomba hospitali, Bukittinggi.
Nesi, kijana wa juzi tu, akampa mrija wa plastiki.
"Puliza, mzee, mpaka pumzi iishe."
Akapuliza.
Mstari kwenye kioo ukaenda, ukaenda,
ukagonga ukingo, ukakosa pa kwenda.
Nesi akaipiga mashine kofi.
"Imeharibika," akasema.
Nilicheka. Mjomba alicheka kwa macho tu,
mdomo ulikuwa kazini.

Kisha nesi akakumbuka kibanio.
Akambana pua.
Ndipo nilipoisikia, baada ya miaka thelathini na moja,
pumzi ya mjomba inapoishia.
Ilikuwa karibu sana.
Ilikuwa karibu kama mlango.

Kibanda sasa ni changu, na deni pia:
mtoto wa Yelfi, Rafnel, ana miaka minane.
Jana alikuja na daftari amelikumbatia,
kurasa zimegeukia kifuani.
Sikuuliza kilichoandikwa kwa kalamu nyekundu.
Niliisuuza bilauri.
Mpapai ulianguka zamani, tukatumia mrija wa soda.
Mapovu yakadumu kidogo,
yakakatika kwa kikohozi,
maji yakalimwagikia daftari lote.
Akanitazama, mabega juu, akingoja.

Nje mtu alikuwa akipiga honi,
gurudumu la nyuma limelala kabisa.
Nilijaza bilauri tena.
"Anza," nilisema, kwa sauti ya chumvi,
nikamwonyesha mwenye pikipiki pa kukaa.